Damu Iliyochotwa Polepole

Juni 2

Kusinyaa upya: kupungua tena kwa njia ya ndani ya ateri iliyokwisha kupanuliwa kwa puto, mpaka pale palipopanuliwa pakabaki na nusu, au chini ya nusu, ya upana wa sehemu nzima iliyo jirani. Si kuziba ghafla. Kuziba ghafla ni kazi ya bonge la damu. Hutokea katika saa au siku za mwanzo, na huua. Kusinyaa upya huja kwa miezi. Ukuta wa ateri, uliochanwa na puto ili njia ifunguke, hujiponya, na katika kujiponya hunenepa kuelekea ndani. Mambo haya mawili huchanganywa hata na watu waliosoma. Utafiti wetu umejengwa juu ya shaka kwamba yana mzizi mmoja: kwamba damu inayoganda upesi katika majuma ya kwanza ndiyo inayouchochea ukuta unenepe baadaye.

Naiandika fasili hii leo kwa sababu asubuhi kaka yangu amepanuliwa ateri ya moyo kwa puto dogo la namna hiyo, linalopitishwa mshipani na kujazwa, nami nimejikuta nikiyatumia maneno ovyo. Nilimwambia mkewe kwamba mshipa unaweza kujifunga tena. Akaniuliza:

"Sasa wifi, kama utajifunga tena, mmefungua nini?"

Juni 3

Kaka ana bucha. Wateja humwita Steki, kwa kuwa hakuna nyama nyingine anayoikata kwa moyo mkunjufu kama hiyo. Juma lililopita alianguka mbele ya gogo lake, kisu mkononi, akashikilia kwamba ni gesi tumboni. Haikuwa gesi. Ateri moja ilikuwa imebana mno, nayo ni nyembamba kiasi kwamba daktari wa moyo ameipanua tu, bila kuacha ndani kimia cha chuma cha kuishikilia.

Mimi nasimamia maabara ya damu katika hospitali hiihii. Pamoja na daktari wa moyo tunawafuatilia wote waliopanuliwa kwa puto. Damu, kila inapotengeneza kimeng'enya cha kuigandisha, huacha vipande fulani. Ni kama majivu, ukiyakuta unajua moto umewaka, hata kama hukuuona. Tunavipima vipande hivyo kwa siku zilizopangwa. Mgonjwa anayevuka mstari tuliouweka hupewa dawa ya tatu ya kuzuia kuganda, juu ya zile mbili ambazo kila mmoja anameza. Kaka ameombwa kushiriki kama wengine, akakubali kama wengine. Nimemwambia daktari wa moyo kwamba uamuzi wowote juu yake hautakuwa wangu.

Mtu anayekata ng'ombe mzima anaogopa sindano. Leo alijaribu kumhonga mchukua damu wa wodi kwa figo ya ng'ombe.

"Mdogo wangu, kale kasindano kakinitazama tu, miguu inaniisha."

Mchukua damu, ambaye wodi nzima inamwita Mkono wa Pamba, alikuwa akicheka. "Fumba macho, Mzee Steki. Hesabu mbuzi."

"Nikihesabu mbuzi nitaanza kuwapangia bei."

Alichomwa bila kujua. Niliondoka nikiwa na shukrani. Si kila hospitali ina mkono kama ule.

Juni 9

Ameruhusiwa kurudi nyumbani. Jua kali, vumbi kwenye vioo vya maabara.

Juni 12

Kipimo cha kaka kimevuka mstari. Hakikuuvuka kwa unywele, kimeuacha mbali. Nimekirudia. Kimetoka vilevile.

Nimekaa mbele ya mashine nikiwa nimeshika kalamu iliyofunikwa. Nimeona matokeo mabaya ya watu wengi na sijawahi kukosa la kufanya na mikono yangu.

Juni 13

Daktari wa moyo ni mwanamke wa maneno machache. Anaongea kama anayeandika cheti.

"Mstari ni mstari," alisema. "Nikimtoa kaka yako, namtoa kila mtu."

"Sijakuomba umtoe."

"Najua. Nasema ili usije ukaniomba."

Dawa ya tatu imeanza leo.

Juni 20

Hakuna jambo. Mashine imesafishwa.

Juni 29

Kipimo cha pili. Kimeshuka kidogo tu, bado kiko juu ya mstari. Damu inayokaidi dawa kiasi hiki sijaiona mara nyingi. Daktari wa moyo ameongeza kiwango cha dawa, na mimi, ambaye uamuzi haukuwa wangu, nimefurahi.

Nimemweleza wifi kwa simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo lisilo la kawaida, kisha akasema, "Haya. Nyie ndio mnaojua."

Julai 6

Nimepita buchani. Kaka alikuwa amefunga kidole gumba kwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa kimelowa. Alijikata asubuhi akitenganisha ubavu. Kwenye gogo palikuwa na damu ambayo haikuwa ya ng'ombe, na mteja mmoja aligeuka mlangoni akaondoka.

"Zamani nikijikata nilikuwa nafuta na aproni, maisha yanaendelea," alisema. "Siku hizi nikijikata nafunga duka."

"Anavuja kama ndoo mbovu," alisema wifi kutoka nyuma ya mizani. "Juzi alipiga mswaki, sinki lote jekundu. Ufizi, wifi! Ufizi tu!"

Nilimweleza kwamba hayo yanatarajiwa. Kwamba dawa inayozuia damu isigande ndani haiwezi kuchagua kuiacha igande nje. Kwamba hatari ya ateri ni kubwa kuliko hatari ya ufizi. Yote niliyoyasema yalikuwa sahihi. Wifi ana tabia ya kukuza mambo, nami nina tabia ya kuyapunguza. Nilidhani kati yetu sisi wawili kaka yuko salama.

Julai 7

Joto. Vipimo vya wagonjwa wengine vinaendelea vizuri, kwa maana kwamba vinakubaliana na nadharia. Waliokuwa wameugua zaidi kabla ya puto ndio walio juu ya mstari. Daktari wa moyo ameanza kuandika makala.

Julai 15

Mkono wa Pamba ameingia likizo, mkewe amejifungua. Wodi imemwachia kazi yake yote mwenzake, mwanamke ambaye wagonjwa humwita Nyuki.

Julai 19

Nitaliandika jambo la leo kwa utaratibu, kwa sababu sina njia nyingine ya kulishika.

Asubuhi nilikuwa napanga sampuli. Wifi alipiga simu, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe katika ukoo wetu hakunisalimu. "Amelala chini bafuni. Mweupe. Wifi, mweupe kama karatasi." Nikauliza kama anapumua. "Anapumua, anasema tumwache alale." Nikauliza kama kifua kinamuuma. "Si kifua! Tumbo! Choo chake cheusi kama lami, siku ya pili leo, na alinificha, huyu mwanamume, alimwaga maji akanificha!"

Nilikuwa nimejiandaa kwa moyo. Majuma yote haya nilikuwa nimeusubiri moyo. Nilisimama na simu sikioni nikitafuta kichwani ateri ambayo ingeweza kueleza choo cheusi, na ilipita muda wa aibu kabla sijaelewa kwamba hakuna ateri ya moyo katika habari ile. Alikuwa akivuja damu tumboni. Tulikuwa tumemfungulia bomba.

Walimleta kwa gari la jirani, amelazwa kwenye kiti cha nyuma juu ya maturubai ya buchani. Nilimshika kiganja. Mistari yote ya kiganja chake ilikuwa imepotea rangi. Aliniona, akajaribu kufanya mzaha, midomo ikamshinda. Jambo hilo lilinitisha kuliko mapigo yake.

Nyuki alikuja na sinia lake. Hakumwambia afumbe macho.

"Kaza ngumi. Legeza. Tayari."

"Tayari nini?" kaka aliuliza kwa sauti ya mbali.

"Nimeshachukua, mzee. Ulitaka tupige picha?"

Chupa za vipimo zilijaa kabla hajamaliza kushangaa. Kisha damu ya kuongezewa, kisha kamera tumboni: kidonda kidogo, cha zamani, ambacho katika maisha ya kawaida kisingemsumbua mtu. Daktari wa moyo alisimamisha dawa ya tatu kwa sentensi moja, akabaki amesimama pale hata baada ya sentensi kwisha.

Wifi alinisubiri kwenye korido. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Ulisema ni kawaida," alisema.

Julai 20

Yuko hai. Amekunywa chai.

Julai 22

Damu aliyoichukua Nyuki, kabla ya ile ya kuongezewa, imepimwa. Iko chini ya mstari, tena chini sana. Nimejipa maelezo matatu: kiwango kipya cha dawa, kutokwa na damu, mshtuko wa mwili. Yote yanaridhisha. Maelezo matatu yanayoridhisha kwa pamoja yalipaswa kunitia shaka mapema zaidi.

Julai 24

Si kaka peke yake. Tangu juma lililopita karibu wagonjwa wote wako chini ya mstari, pamoja na waliopanuliwa juzi, ambao hawajaonja dawa ya tatu. Nilianza na mashine, kama ipasavyo. Nimepima damu ya kulinganishia: sawa. Nimefungua kemikali mpya: sawa. Jokofu: sawa. Nilirudia sampuli za mwezi uliopita zilizohifadhiwa kwenye barafu, nazo zikatoka juu kama mwanzo. Mashine inasema kweli kuhusu kila inachopewa.

Wodi nzima haiwezi kutulia kwa siku moja kama darasa lililosikia mwalimu anakuja. Kuna kitu kilichobadilika kati ya mshipa na chupa, na kati ya mshipa na chupa hakuna kitu ila mkono wa mtu.

Julai 27

Mkono wa Pamba amerudi kazini, ana usingizi wa baba mpya. Niliwaita wote wawili maabara. Nikakunja mikono yote miwili ya koti.

"Huu wa kushoto ni wako," nilimwambia Mkono wa Pamba. "Wa kulia wa mwenzako. Kila mmoja afanye anavyofanya siku zote."

"Dokta unaumwa?" aliuliza Nyuki.

"Siumwi. Ndiyo maana."

Nyuki alimaliza kabla sijakaa vizuri. Mkono wa Pamba alifunga mpira juu ya kiwiko, akaupapasa mshipa kwa muda mrefu, akaniuliza habari za nyumbani. Sindano yake ilikuwa ile nyembamba ya watoto. Aliivuta damu kidogo kidogo, akisubiri, akivuta tena, na sikuhisi maumivu yoyote. Nilitazama damu ikija tone kwa tone na nikajua jibu kabla ya mashine.

Kwa mashine, mkono wangu wa kulia ni wa mtu mwenye afya. Mkono wangu wa kushoto umevuka mstari. Kwa mujibu wa utafiti wetu, nusu yangu ingepaswa kuanza dawa leo.

Damu haijui kwamba inahurumiwa. Inajua tu kwamba imetoka nje ya mshipa na inacheleweshwa. Huanza kuganda ndani ya bomba la sindano, kabla haijaifikia ile dawa ya ndani ya chupa inayoizuia isigande. Majivu niliyoyapima tangu mwanzo yalikuwa ya moto tuliouwasha wenyewe. Mwongozo wetu unataka sindano nene, mpira ulegezwe upesi, na chupa ya kwanza itupwe. Mkono wa Pamba aliusoma na kutia saini.

"Dokta, mwongozo hauna mishipa," alisema. "Mtu analia mbele yangu, nimchome na msumari ule?" Kisha sura ikambadilika polepole. "Subiri. Kwa hiyo Mzee Steki… upole wangu ndio uliomwaga damu yake?"

Nyuki, ambaye hana maneno ya faraja kwa mtu yeyote, alimshika bega.

Nilimjibu kwamba upole wake haukumwaga damu ya mtu. Kwamba kilichomwaga ni mstari, na mstari niliuchora mimi na daktari wa moyo bila hata siku moja kwenda kitandani kutazama damu inachotwaje. Ni jibu sahihi. Halikumsaidia, nami halijanisaidia.

Julai 28

Nilipomweleza daktari wa moyo, alikaa. Sijawahi kumwona akikaa katika ofisi yake bila kuwa na mgonjwa mbele yake.

"Waliokuwa wameugua zaidi ndio walikuwa juu," alisema. "Tuliona wazi. Ilipangika vizuri."

"Waliougua zaidi ndio waliokuwa waoga zaidi. Waoga walimwomba Mkono wa Pamba."

"Kwa hiyo tulikuwa tunapima…"

Alinyanyua simu akaanza kuwaita wagonjwa wa dawa ya tatu mmoja mmoja, yeye mwenyewe, kwa jina la kila mmoja. Utafiti umesimamishwa, kamati ya hospitali imearifiwa kabla ya mchana.

Julai 30

Nimewaeleza kaka na wifi, sebuleni kwao, bila kupunguza kitu. Kaka alisikiliza akiwa ameegemea mto.

"Kumbe kilichopimwa ni woga wangu," alisema, na akacheka mpaka akashika tumbo.

Wifi hakucheka. "Yaani mume wangu alikaribia kufa kwa kuchomwa vizuri."

"Ndiyo," nilisema.

Alinitazama kama anayetafuta mahali pa kuanzia kunipiga. Kisha akaenda jikoni akaniletea chakula. Nimekuwa nikimwita mtu wa kukuza mambo. Ndoo mbovu, sinki jekundu: hakuna alichokikuza. Alikuwa akiripoti.

Agosti 11

Nyuki amemchoma kaka. "Huyu mama ni wa machinjioni," alisema kaka kwa heshima ya mtu wa fani. Damu yake, iliyochotwa ipasavyo, bila dawa ya tatu, ni tulivu kama ya kijana.

Agosti 12

Nimelala vizuri.

Agosti 25

Tulivu tena. Tumbo limepona, kamera imethibitisha. Kama nadharia yetu ina ukweli wowote, ukuta wa ateri yake hauna kinachouchochea. Najua nadharia hiyo sasa haina ushahidi hata mmoja. Naona kwamba naitegemea kuliko nilipokuwa na ushahidi.

Septemba 8

Bucha limejaa. Kaka amenenepa mashavu. Upepo wa vumbi.

Septemba 20

Ameshindwa kuinua paja la ng'ombe kwenye ndoano. Anasema ni mkono. Wifi hakubishana naye. Alifunga bucha, akampakia garini, akanipigia akiwa njiani.

"Sasa hivi sikuulizi kama ni kawaida," alisema. "Nakuletea."

Septemba 21

Nilisimama nyuma ya kioo daktari wa moyo alipoingiza rangi katika ateri. Katika picha ya Juni, baada ya puto, njia ilikuwa pana na nyoofu. Leo rangi ilishuka, ikafika palepale, ikabana ikawa uzi, kisha ikaendelea chini kama mtu aliyepita mlango kwa ubavu. Hakukuwa na bonge. Kingo zilikuwa laini. Ni ukuta ulionenepa.

Daktari wa moyo aliinua macho akanitazama kupitia kioo. Sote wawili tulikuwa tumeviona vile vipimo vya Agosti. Nilitamka kwa sauti, peke yangu chumbani, "Lakini ilikuwa tulivu."

Septemba 23

Ateri itapanuliwa tena. Haiwezi kungoja muda mrefu.

Oktoba 1

Mawingu ya kwanza. Hayakunyesha.

Oktoba 4

Kesho ni puto la pili. Daktari wa moyo amekuja maabara, jambo ambalo hakulifanya hata mara moja wakati wa utafiti.

"Dawa ya tatu," alisema. "Safari hii, kwa kiwango kidogo, na kinga ya tumbo. Au tusimpe kabisa. Sina mstari wa kunisaidia. Nataka kujua unafikirije, kisha nitaamua mimi."

Nimefikiri mchana kutwa, nami naweka hapa nilipofika. Inawezekana kwamba kuganda kwa damu hakuhusiki na kunenepa kwa ukuta. Basi dawa ile haitamfaa kitu, na tunajua jinsi inavyomdhuru. Inawezekana pia kwamba kunahusika, lakini kazi hufanyika mapema, katika majuma ya mwanzo, na damu tulivu ya Agosti ilikuwa ni utulivu wa nyumba iliyokwisha kuungua. Basi kumnyima dawa ni kuiacha ateri isinyae kwa mara ya tatu. Au dawa ilikuwa ikimlinda, na tulipoisimamisha Julai ndipo ukuta ulipoanza. Vipimo vya Agosti haviwezi kuzitenganisha hali hizi tatu. Vinavyoweza ni vya Juni, na vya Juni, vilivyochotwa na Mkono wa Pamba, nimevifuta kwa mkono wangu mwenyewe.

Jioni nilikwenda wodini. Wifi alikuwa akimkata kaka kucha. Kaka alimruhusu Nyuki amchome bila mzaha hata mmoja, kisha akanigeukia.

"Mdogo wangu, ateri ni ya yule daktari, lakini damu ni yako. Niambie. Nimeze ile kitu au nisimeze?"

"Sijui, kaka."

Wifi aliacha kukata kucha. Kaka alinitazama kana kwamba ni mimi niliyelala kitandani.

"Tangu tukiwa watoto," alisema, "hilo neno sijawahi kulisikia mdomoni mwako."

Daktari wa moyo anangoja jibu langu asubuhi, kabla ya kuvaa glavu. Nitampa hali zote tatu, kwa mpangilio, na atasikiliza mpaka mwisho, kisha atauliza swali ambalo mashine yangu haiwezi tena kulijibu: katika majuma yale ya mwanzo, ukuta ukiwa kidonda kibichi na kila tone tulilopima likiwa limegandishwa na sindano yetu wenyewe, damu iliyobaki ndani ya mishipa yake ilikuwa ikifanya nini?